Talaka Iko Ng'ambo ya Songwe

Tulimwacha askari wa barabarani akiwa ameingiza mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya begi la Bi Biubwa, pale kwenye kizuizi cha milimani, kilomita chache kabla ya kufika Tukuyu. Mliokaa wiki nzima mkijiuliza ameshika nini, jibu ni hili: kitambaa cheupe.

Alikivuta. Kikaja. Akavuta tena, kikazidi kuja, mita moja, mbili, tatu, mpaka kikamjaa mikononi na ncha yake ikakaribia kugusa lami iliyolowa.

"Bibi, hii ni nini?"

"Sanda," akasema Bi Biubwa.

Askari akaacha kuvuta.

"Sanda ya nani?"

"Yangu."

Askari akamtazama Shomari aliyeshika usukani. Akamtazama Maulida aliyekaa kando yake. Akarudi kwa bibi wa miaka sabini na minne, kiti cha nyuma, mkanda kifuani, macho makavu.

"Unaumwa, bibi?"

"Siumwi. Nasafiri. Nikifa huko ng'ambo sitaki watu waanze kuzunguka madukani."

Askari alijaribu kuikunja sanda kama ilivyokuwa. Akashindwa, akaifanya furushi, akairudisha begini kwa mikono miwili. Kisha akauliza lile swali ambalo Shomari alikuwa analiogopa tangu Kibaha.

"Mnakwenda wapi?"

"Malawi."

"Kufanya nini?"

Shomari akakohoa. Maulida akaona kikohozi hicho hakitaisha leo, akajibu mwenyewe.

"Nakwenda kudai talaka kwa mume wangu."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye atakayenioa."

"Na bibi?"

"Mama wa mume wangu."

Askari alikaa na leseni ya Shomari mkononi muda mrefu kuliko leseni inavyohitaji. Mwisho akairudisha.

"Endesheni taratibu," akasema. "Mbele kuna ukungu."

Kwa waliokosa magazeti ya nyuma, hadithi yenyewe si ndefu. Maulida ni fundi cherehani wa Kisarawe, anashona sare za shule. Miaka sita iliyopita mumewe Abdulkadiri, dereva wa lori, alipeleka mzigo Malawi. Lori lilirudi na dereva mwingine. Abdulkadiri hakurudi, wala barua, wala simu. Maulida akabaki na binti yao Wema na mama mkwe wake, Bi Biubwa, ambaye Maulida alimwogesha alipovunjika nyonga na kumtia dawa ya macho asubuhi na jioni.

Akatokea Shomari, mgane, mfyatua matofali wa Picha ya Ndege. Uchumba ukaenda miezi kumi na mmoja. Kibali cha sheikh kikapatikana, kwa kuwa mume hajulikani aliko. Siku tatu kabla ya ndoa, mchele ukiwa umeshachambuliwa, akaja dereva mmoja wa Mlandizi aitwaye Leodegar na habari kwamba Abdulkadiri yuko hai, kamwona kwa macho yake upande wa Karonga, anakoboa mpunga.

Sheikh akafunga kitabu chake. Mke wa mtu haozwi.

Watu wote walidhani mambo yameishia hapo. Maulida akafunika cherehani, akamwambia Shomari, "Una gari. Twende tukamuulize." Na Bi Biubwa akasema hakuna atakayekwenda kwa mwanawe bila yeye.

Sasa tuendelee.

Baada ya Tukuyu barabara ilianza kuteremka, na Shomari akaanza kuteremka nayo kama mtu anayebeba mayai. Chai upande huu, migomba upande ule, ukungu katikati. Malori ya ndizi yaliwapita. Basi liliwapita. Mwendesha baiskeli mwenye mikungu minne nyuma yake aliwapita, akawapungia mkono.

"Kisarawe pia tuna vilima," akasema Bi Biubwa akitazama bonde lililokuwa chini ya dirisha lake. "Lakini vyetu vina kiasi."

Shomari alisimama mara nne. Mara ya kwanza kugusa matairi. Mara ya pili kunusa breki. Mara ya tatu alisema anasikia mlio. Mara ya nne hakutoa sababu, alishuka tu, akasimama mgongo kwa gari, akatazama mashamba ya chai.

"Huyu ana nini?" akauliza Bi Biubwa.

"Anaogopa mteremko."

Wakabaki wawili garini. Bi Biubwa alitoa kisimu chake cha vitufe kwenye pindo la kanga, akakikodolea macho, akakirudisha.

"Ukishaolewa utakaa Picha ya Ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Mbali."

"Magari mawili tu. Nitakuja kila Jumamosi."

"Wiki ina siku saba," akasema bibi. "Na akikupa hiyo talaka leo, utamchukia Abdulkadiri?"

"Nimeshamaliza kumchukia, mama. Nilimaliza mwaka wa tatu."

"Na mtu mwingine akikukosea, huwa unachukua miaka mitatu vilevile?"

Maulida aligeuka amtazame vizuri, lakini Shomari alikuwa anafungua mlango, na mazungumzo yakafia hapo.

Walifika Kasumulu saa tano kasoro. Joto lilikuwa limerudi, milima imebaki nyuma yao. Maulida na mama mkwe walikuwa na hati zao za kusafiria na kadi za chanjo. Shomari alikuwa na hati pia. Gari ndilo lililokwama.

"Kadi ya gari ina jina la Hashiru," akasema ofisa dirishani. "Hashiru ni nani?"

"Marehemu kaka yangu."

"Barua yake ya kuruhusu gari litoke nchini iko wapi?"

"Ni marehemu."

"Basi barua ya msimamizi wa mirathi."

"Sina."

"Gari halivuki."

Maulida alianza kufungua mdomo ajadiliane, maana watu wa Kisarawe hawaachi jambo dirishani. Shomari akamwahi.

"Basi nendeni nyinyi. Mimi nitabaki na gari."

"Si tunaweza kuliegesha hapa, twende wote?"

"Gari la marehemu," akasema Shomari. "Siwezi kuliacha peke yake."

Akalisogeza kivulini, akashusha kioo, akalaza kiti. Maulida alimtazama. Kwa mtu aliyekuwa amekatazwa kuvuka mpaka, alikuwa ametulia sana.

Walivuka daraja la Songwe kwa miguu, Maulida mbele na begi, Bi Biubwa nyuma na fimbo. Chini maji yalipita rangi ya udongo. Upande wa pili ofisa wa Malawi aliyejua Kiswahili vizuri alimuuliza bibi kusudi la safari.

"Kumwona mtoto."

"Mtoto ana umri gani?"

"Arobaini na saba."

Ofisa akagonga muhuri. Ukutani nyuma yake saa ilionyesha saa nne na robo. Ya Maulida ilionyesha saa tano na robo.

"Saa yao imechelewa," akasema Bi Biubwa.

"Haijachelewa, mama. Huku wako nyuma yetu saa moja. Tumerudishiwa."

"Ningependa wangerudisha zaidi," akasema bibi, na Maulida akadhani ni uchovu.

Nje, Bi Biubwa alijitenga pembeni, akabonyeza simu yake, akaiweka sikioni, akaitoa, akaibonyeza tena.

"Unampigia nani?"

"Jirani. Kuhusu kuku."

"Laini yetu huku haishiki, mama."

Bibi akaitazama simu kama inavyotazamwa nyama iliyooza. Akaifunga kwenye pindo.

Walipanda baiskeli mbili za abiria, zenye viti vya sponji nyuma. Bi Biubwa alikaa upande, begi lake mapajani, mgongo umenyooka, akapelekwa kati ya mashamba ya mpunga kwa heshima zote. Kijana wa baiskeli alipoambiwa "Mtanzania mwenye mashine ya kukoboa" hakuuliza swali. Walikuwa wakimjua. Nusu saa baadaye walisimama mbele ya banda la mabati lililokuwa linatetemeka kwa ngurumo ya injini.

Maulida alikuwa amejiandaa. Tangu Chalinze alikuwa akipanga maneno. Angesema salamu kwanza. Kisha angesema hakuja kugombana. Kisha angeomba karatasi.

Abdulkadiri alitoka mlangoni mweupe kwa pumba kuanzia nywele hadi ndala. Alikuwa amenenepa. Aliwaona. Akafuta macho kwa mkono, jambo ambalo liliongeza pumba tu. Na neno lake la kwanza baada ya miaka sita hakumwambia Maulida.

"Mama," akasema, "mbona mapema? Jumapili si ulisema utakuja mwezi wa nane?"

Msomaji, hapo Maulida alisahau salamu.

Abdulkadiri alirudi ndani, akazima injini. Maulida akamfuata, na bibi nyuma yake. Wateja wanne waliokaa juu ya magunia wakaacha kuzungumza, kwa kuwa hata asiyejua lugha anajua uso wa mwanamke aliyesimama namna ile.

"Jumapili gani?" akauliza Maulida.

Abdulkadiri akamtazama mama yake. Mama yake akatazama fimbo.

"Jumapili," akasema Abdulkadiri polepole. "Huwa tunaongea. Kila Jumapili."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mama Wema."

Maulida akakaa kwenye gunia lililokuwa karibu. Mwenye gunia akasogea.

Jumapili zote zile. Bi Biubwa alikuwa na desturi ya kwenda kwa jirani yake Hamisa kila Jumapili baada ya alasiri, na Maulida alikuwa akimpeleka kwa mkono hadi mlangoni, kwa ajili ya nyonga, na kumfuata jua likizama. Alikuwa akimsindikiza kwenda kuongea na mtu aliyekuwa anasomewa dua ya waliopotea.

"Nimekuja kuchukua talaka," akasema. Sauti yake ilitoka ya kawaida, ikamshangaza mwenyewe. "Andika, niondoke."

Sasa ikawa zamu ya Abdulkadiri kutoelewa.

"Talaka gani tena?"

"Ya kuniacha."

"Nilikuacha. Nilipooa huku nikaona haya kurudi, na nikaona si haki kukufunga. Nikaandika karatasi, mashahidi wawili, nikampa dereva aifikishe kwa mama. Mwaka ule ule wa kwanza." Akamgeukia bibi. "Mama, si uliniambia umempa? Si uliniambia kaipokea, kalia siku mbili, kanyamaza?"

Nani asiyetaka kumwona Bi Biubwa akizimia hapo, ili tupate mwisho mzuri wa wiki? Hakuzimia. Alitafuta pa kukaa, akakosa, akasimama.

"Iko chini ya godoro langu," akasema. "Haijaguswa na mchwa. Huwa naiangalia."

"Mama."

"Ilikuja siku ya tatu tangu nitoke hospitali. Sikuweza kwenda chooni peke yangu, Maulida. Wewe ulikuwa unanishika huku na huku. Nikasema nitampa wiki ijayo, nikishajua kutembea. Nikatembea. Nikasema nitampa Wema akimaliza darasa la saba. Akamaliza." Alisema hayo yote bila kuinua macho. "Mkwe akishaachwa anarudi kwao. Mimi nina mtoto mmoja, na yuko huku na mashine. Ningebaki na nani?"

"Ningekaa," akasema Maulida.

"Ulikuwa na miaka thelathini na tano. Usingekaa."

Maulida akaanza kuihesabu miaka. Alikuwa amekataa posa mbili kabla ya Shomari, moja ya mwalimu, kwa kuwa yeye ni mke wa mtu. Alikuwa ameacha kuvaa dhahabu, akarudia kuivaa, akaacha tena, kwa kutojua kama yeye ni mke au mjane. Na kumbe ukiondoa miezi ya eda, alikuwa mwanamke huru kwa zaidi ya miaka mitano.

"Ulikuja na sisi kufanya nini?" akauliza.

"Kumuwahi. Nilitaka nimpigie kabla hujafika, aandike karatasi nyingine ya leo, akupe mkononi. Uipate, uolewe, na usijue. Tangu nyumbani sikupata nafasi ya kuwa peke yangu, na mpakani simu ikagoma."

Mmoja wa wateja alikuwa anamtafsiria mwenzake kwa sauti ya chini. Abdulkadiri akawaomba watoke. Wakatoka, wakasimama pale pale mlangoni.

Alileta maji. Maulida hakunywa, Bi Biubwa alikunywa glasi zote mbili.

"Wema hajambo?" akauliza Abdulkadiri.

"Kidato cha nne."

"Ananikumbuka?"

"Anakumbuka viatu vyako. Alisema ulikuwa unaviacha mlangoni, watu wanajikwaa."

Abdulkadiri aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha alikwenda kwenye kijimeza cha mizani, akachukua daftari na kalamu.

"Siwezi kukuacha mara mbili," akasema. "Lakini nitaandika kwamba nilikuacha, tarehe ile, na mashahidi wako Karonga, na namba zao. Sheikh wako akitaka apige. Hiyo itakutosha?"

"Itanitosha."

Akaandika. Mwandiko wake haukuwa umebadilika, herufi kubwa kubwa zinazolalia upande mmoja, kama zinapandisha mlima. Alipofika katikati akauliza bila kuinua kichwa, kama anayeuliza bei ya mpunga.

"Huyo anayekuoa ni nani?"

"Shomari. Ana matofali, Picha ya Ndege."

Kalamu ikasimama.

"Shomari mrefu? Anayecheka kabla ya kusema?"

"Unamjua?"

"Amekaa hapo hapo ulipokaa. Mwezi wa nne. Kaletwa na Leodegar, kwenye lori." Abdulkadiri aliweka kalamu chini. "Alisema ni kaka yako wa upande wa mama."

"Mimi sina kaka."

"Najua huna. Nilikuoa mimi. Nikamwacha aseme nione anataka nini."

"Akataka nini?"

"Alinisihi. Kama utakuja, au ukituma mtu, nisikupe talaka. Kwa hali yoyote. Alisema nikatae kabisa, niseme nakupenda bado."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimesikia. Mambo ya nyumba yangu siyasemi na mtu aliyeanza kwa uongo. Nikaona hata hilo la talaka ni uongo wake, maana nilijua nimeshakuacha."

Mwezi wa nne Shomari alikuwa amekwenda Morogoro, siku nne, kumuuguza shangazi. Maulida alimpa maandazi ya njiani. Na mwezi wa tano, siku tatu kabla ya ndoa, Leodegar akaja Kisarawe na habari zake. Hakuwa amezileta kwa wema wa moyo. Alitumwa kuzileta, ili sheikh afunge kitabu na bwana harusi apone. Kisha bibi harusi akaharibu kila kitu kwa kusema una gari, twende. Na mtu yule, kwa kukosa ujasiri wa kusema hapana, akawasha gari akaendesha zaidi ya kilomita mia nane kwa mwendo wa mayai.

"Kwa hiyo tulikuwa wawili," akasema Bi Biubwa kwa sauti ndogo.

Abdulkadiri akamalizia karatasi, akawaita wateja wawili kutoka mlangoni waweke saini, akaikunja mara nne. Maulida akaifunga kwenye ncha ya mtandio.

Alitoka bila kuaga. Nje akarudi hatua mbili.

"Mtumie Wema picha yako," akasema. "Namba yake mama anayo. Mama ana kila kitu."

Kwenye daraja Maulida alitembea mbele, hakugeuka. Alisikia fimbo nyuma yake, tap, tap, ikichelewa zaidi na zaidi. Katikati ya daraja akasimama. Alisimama akitazama maji mpaka fimbo ilipomfikia, akalichukua begi kwenye mkono wa bibi kizee, akalitundika begani mwake. Hakusema amesamehe. Alilibeba begi tu.

Shomari alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, miguu nje, anakula ndizi. Alipowaona aliruka akasimama, akaangusha ganda, akaliokota, akabaki nalo mkononi.

"Mmempata?"

"Tumempata," akasema Maulida.

"Mzima?"

"Mzima. Kanenepa."

Shomari alicheka kidogo, kabla ya kusema. "Na, kuhusu lile jambo. Kasemaje?"

Bi Biubwa alivuta pumzi kama anayetaka kuongea. Maulida akamtazama mara moja. Bibi akaifunga midomo yake, na kazi hiyo hapakuwa na mtu aliyeizoea kuliko yeye.

Karatasi ilikuwa nzito kidogo kwenye ncha ya mtandio.

"Kakataa," akasema Maulida. "Kasema ananipenda bado."

Shomari alishusha mabega. Akashusha pumzi. Akalitupa ganda la ndizi mbali kabisa, ng'ambo ya mtaro, kwa mkono wa mtu aliyepunguziwa umri.

"Pole sana, Maulida," akasema, na katika miezi yote kumi na mmoja ya uchumba wao, Maulida hakuwahi kumwona akiwa na furaha kiasi kile.